Juu ya Kupima Hali ya Maji Penye Uso wa Elektrodi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo moja la elimu ya kemia ambalo kwa nje laonekana kuwa mali ya mafundi wa maabara peke yao, nalo ni namna ya kujua hali ya maji mahali pale hasa yanapogusana na elektrodi iliyo kazini. Wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa lugha zaidi kuliko watu wa maabara. Hata hivyo jambo lenyewe lawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, jina la elektrodi lilitungwa kwa shauri la mwanachuo aliyeijua Kiyunani, na maana yake ya asili imehama kwa namna iliyowaponza hata wajuzi. Pili, tofauti inayotakiwa katika elimu hii, kati ya hali ya ndani ya chombo na hali ya mahali mahsusi, ni tofauti ambayo sarufi ya Kiswahili imekuwa nayo tangu zamani, ila twaanza kuiacha ipotee.

Jina na maana yake

Mwaka 1834 Michael Faraday, aliyekuwa akifanya kazi katika Royal Institution mjini London, alihitaji maneno mapya. Watu wa wakati wake walipopitisha umeme katika maji yenye chumvi waliziita zile ncha mbili za madini kwa jina lililofanana na la ncha za sumaku, kana kwamba zilivuta chembe kwa mbali. Faraday hakukubali dhana hiyo, na aliona kuwa jina baya lingeendelea kuzaa mawazo mabaya. Akamwandikia William Whewell wa Trinity College, Cambridge, akiomba shauri, na katika barua zao yakapatikana maneno ambayo hata leo yatumika katika lugha nyingi za dunia, na Kiswahili kimo.

Neno elektrodi lina ndani yake neno la Kiyunani lenye maana ya njia. Anodi ni njia ya kupanda na kathodi ni njia ya kushuka. Kupanda na kushuka huku ni kwa jua. Faraday aliwaza kwamba, ikiwa usumaku wa dunia watokana na umeme unaozunguka, umeme huo ungepita kutoka mashariki kwenda magharibi; basi akakiweka chombo chake, kwa fikira, sambamba na umeme huo. Upande ambapo umeme waingilia majini ukawa upande wa mawio, na upande unakotokea ukawa upande wa machweo. Ama zile chembe zisafirizo majini kati ya mawio na machweo ziliitwa ioni, yaani ziendazo.

Lakini lililo kubwa kwetu ni jinsi Faraday alivyoueleza msamiati huo. Alipofafanua elektrodi hakusema kuwa ni kipande cha madini. Alisema kuwa ni kitu, au kwa usahihi zaidi ni uso, unaoupakana ule mmumunyo unaochanguliwa, kwa upande wa mwendo wa umeme. Uso huo waweza kuwa wa madini, wa maji, au hata wa hewa. Kwa hiyo elektrodi ya asili ilikuwa jina la mpaka, mahali vitu viwili vikutanapo.

Baadaye maana ikahama. Fundi akisema leo, "Nipe ile elektrodi," ataka kupewa kijiti cha shaba au bamba la platini, kitu cha kushikwa mkononi na kuwekwa sandukuni. Uso ukabaki bila jina lake. Kuhama kwa maana ni jambo la kawaida katika lugha zote wala si kosa. Lakini hapa kulifuatana na mazoea: watu wakayachunguza madini kwa makini, wakayapima maji ya chombo kwa makini, na pale katikati wakapachukulia kuwa pamekwisha kujulikana.

Yanayotendeka penye uso

Tuchukue chombo chenye maji safi yaliyotiwa chumvi isiyojiingiza katika kazi, kama salfeti ya potasiamu, tena tupitishe umeme. Penye kathodi maji hupokea elektroni. Haidrojeni hutoka kwa mapovu, na nyuma yake hubaki ioni za haidroksidi, ambazo ndizo zifanyazo maji kuwa ya alkali. Penye anodi hutokea kinyume chake: oksijeni hutoka, na maji huachiwa ukali wa tindikali.

Ukali huo hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichotungwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, mahali palipokuwa na haja ya kuutawala ukali wa mchanganyiko katika utengenezaji wa bia. Maji safi katika joto la nyuzi 25 yana pH ya 7. Maji ya ndimu hukaribia 2, na maji ya magadi hupita 10. Yafaa kukumbuka kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi: kutoka 7 hadi 8 ni kuzidisha alkali mara kumi, na kutoka 7 hadi 9 ni mara mia.

Sasa tufanye hesabu. Umeme wa miliampea 10 kwa kila sentimita mraba si mwingi. Viwanda hutumia zaidi ya huo mara nyingi. Kwa kuwa koulombi 96,485 huzaa moli moja ya haidroksidi, umeme huo huzaa moli moja ya sehemu milioni kumi kwa kila sentimita mraba, kila sekunde. Haidroksidi hizo zapaswa kuondoka. Walakini maji yaliyogusana na kitu kigumu hayatembei kama maji ya katikati ya chombo; hata ukoroge kwa nguvu, yaliyo karibu na uso hukawia, na ioni zapita humo kwa kusambaa peke yake. Walther Nernst alilieleza jambo hili mwaka 1904 kwa kudhani tabaka lenye unene maalumu, ambalo ndani yake hakuna ila kusambaa. Katika chombo kinachokorogwa kwa kiasi, unene huo huweza kuwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama unywele mnene wa binadamu. Kwa hesabu ya unene huo na mwendo unaojulikana wa haidroksidi majini, pH penye uso hupanda hadi karibu 12.3, na huku maji ya chombo yakali katika 7.

Maana yake ni kwamba, katika unene wa unywele mmoja, alkali imezidi zaidi ya mara laki moja. Mtu aliyetia kipimo chake katikati ya chombo na kuandika "pH 7" hakusema uongo juu ya chombo. Lakini kama makusudi yake ni kueleza kazi ya kathodi, ameeleza maji ambayo kathodi haijapata kuyagusa. Mpishi aonjaye wali wa juu hawezi kuapa juu ya ukoko.

Ndani ya tabaka hilo, tena karibu zaidi, mna tabaka jingine jembamba mno, ambalo Hermann von Helmholtz alilizungumza katika karne ya kumi na tisa na Otto Stern akalitengenezea nadharia mwaka 1924. Hapo ioni hujipanga mkabala na umeme wa madini, safu kwa safu, na unene wake katika maji ya chumvi ya kawaida ni kama sehemu moja ya milioni ya milimita. Yapasa matabaka haya mawili yasichanganywe. La Nernst ni nene mara laki moja kuliko la Stern, na chombo kipimacho moja aghalabu hakiwezi kupima jingine.

Uzito wa tofauti hii

Msomaji aweza kuuliza: Je, tofauti ya unene wa unywele yamdhuru nani? Mifano miwili yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa baharini. Mwaka 1824 Humphry Davy aliwaeleza wanachuo wa Royal Society jinsi ya kuzuia shaba iliyofunika matumbo ya merikebu isiliwe na maji ya chumvi: aliigusanisha na vipande vya zinki au vya chuma, navyo vikaliwa badala yake. Shaba ilisalimika, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena haikuwa na sumu ya kuwafukuza wadudu wa gamba na majani ya bahari, na merikebu zikaota uchafu. Kanuni yenyewe haikufa. Hata leo meli za chuma hufungwa vipande vya zinki au vya alumini chini ya mkondo wa maji, na nguzo za feleji za magati hulindwa kwa njia hiyo hiyo. Feleji iliyolindwa hivyo ni kathodi, na maji yaliyo karibu nayo hugeuka alkali. Bahari ina pH ya karibu 8.1, lakini penye feleji huweza kupita 9, ndipo chokaa hujitenga na maji na kuganda juu ya chuma, na pH ipitapo karibu 9.5 magnesi nayo huganda. Ganda hili ni rafiki wa mhandisi, kwa maana hupunguza umeme unaotakiwa kuilinda nguzo. Kama ganda litakuwa gumu au laini, la chokaa au la magnesi, ni amri ya pH ya pale, wala si ya ndoo ya maji iliyochotwa gatini.

Mfano wa pili ndio uliowashughulisha sana wanakemia katika miaka ya karibuni. Katikati ya miaka ya 1980 Yoshio Hori na wenzake wa Japani walionyesha kwamba shaba nyekundu, ikifanywa kathodi katika maji yaliyojazwa hewa ya ukaa, yaweza kuigeuza hewa hiyo kuwa methani na ethilini, gesi zenye thamani kwa moto na kwa viwanda. Madini mengine yaliyojaribiwa hayakufanya hivyo kwa kiasi kama hicho. Kwa watu watafutao njia ya kuitumia hewa ya ukaa badala ya kuiachia angani, habari hii ilifungua mlango mkubwa.

Mwaka 1989 Hori, pamoja na Murata na Takahashi, wakaeleza jambo la ajabu zaidi. Shaba ile ile ilitoa ethilini kwa wingi katika mmumunyo mwepesi wa baikaboneti, na methani kwa wingi katika mmumunyo mzito wa baikaboneti au wa fosfeti. Madini hayakubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa maji kuituliza alkali. Baikaboneti ikutanapo na haidroksidi huimeza na kuwa kaboneti. Ikiwa nyingi, pH penye uso haipandi sana. Ikiwa chache, hupanda. Methani huhitaji tindikali kwa namna ambayo ethilini haiihitaji, basi pH ikipanda methani hupungua na ethilini hupata nafasi.

Hapa ndipo hatari ilipo. Tuseme fundi wa kwanza ametengeneza shaba yenye vinyweleo vingi, akapata ethilini nyingi, akatangaza kuwa umbo jipya la shaba lina sifa ya pekee. Fundi wa pili amejaribu shaba laini na kupata kidogo. Huenda umbo lina sifa kweli. Lakini huenda pia vinyweleo vimeficha maji yasikorogeke, alkali ikajikusanya humo, nayo ndiyo iliyoleta ethilini. Ikiwa hivyo, sifa ya maji imepewa madini. Fedha na miaka ya kazi zaweza kutumika kutafuta shaba bora, na hali kilichotakiwa ni kukoroga kidogo zaidi au kidogo chini yake. Wala si hayo tu: haidroksidi humeza hewa ya ukaa yenyewe na kuifanya baikaboneti, hata kathodi ikakosa chakula chake karibu na mdomo. Hukumu ya haki kati ya madini na maji haipatikani bila kupima pale pale usoni.

Njia za kupima

Kipimo cha kawaida cha pH ni tumba la kioo, lililotokana na kazi ya Max Cremer mwaka 1906 na ya Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz mwaka 1909. Ni chombo cha kuaminika, lakini upana wake hukaribia milimita 10. Kukitia katika tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ni kama kupima kina cha umande kwa pondo. Basi wachunguzi wametafuta njia nyingine, nazo twaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la sindano. Waya mwembamba wa platini au wa madini mengine huzibwa ndani ya kioo, ncha yake peke yake ikaachwa wazi na kupakwa oksidi ya iridi, ambayo volti yake hubadilika kwa kufuata pH. Ncha yaweza kuwa na upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Husogezwa polepole kuelekea usoni kwa mitambo iliyo thabiti mno. Ustadi huu ulikua sana tangu mwaka 1989, Allen J. Bard na wenzake wa University of Texas mjini Austin walipoeleza hadubini itumiayo ncha ya elektrodi badala ya nuru.

Sindano ina kasoro tatu. Ya kwanza ni kivuli: ikikaribia sana huziba njia ya ioni, na maji yaliyo chini yake hayawi tena yale yaliyokuwapo kabla yake. Kwa hiyo mchunguzi mwangalifu husoma katika umbali mbalimbali, kisha hukadiria kwa mstari hali ya uso ambako hakufika. Ya pili ni volti za mmumunyo wenyewe. Umeme upitapo majini huacha tofauti ya volti njiani. Katika mmumunyo wa baikaboneti wa 0.1 molari, kwa umeme ule wa miliampea 10, tofauti hiyo ni karibu milivolti 100 kwa kila milimita. Hatua moja ya pH ni milivolti 59 tu. Basi elektrodi ya kulinganishia ikiwekwa milimita moja mbali na sindano katika njia ya umeme, kosa laweza kufika hatua 1.7 za pH, nalo halitajitangaza. Litaonekana kama kipimo kizuri. Ya tatu ni kwamba oksidi ya iridi haikai katika tabia moja: kila sindano yapaswa kulinganishwa na mimumunyo inayojulikana, kabla ya kazi na baada yake.

Fungu la pili ni la kisahani na pete. Veniamin Levich alionyesha mwaka 1942 kwamba elektrodi ya umbo la kisahani ikizungushwa hunyonya maji kwa mpango unaoweza kuhesabiwa, hata unene wa tabaka lake hujulikana kabla ya kazi kuanza. Kwa mizunguko 1,600 kwa dakika, kwa ioni za mwendo wa kawaida, unene huo ni karibu sehemu 12 za elfu za milimita. Mwaka 1959 Frumkin na Nekrasov walieleza kisahani kilichozungukwa na pete ya pili, iliyotengwa nacho kwa mwanya mwembamba. Maji yaliyogusa kisahani hutupwa nje na mzunguko, yakapita juu ya pete. Pete ikiwa na uwezo wa kusoma pH, husoma habari za kisahani zikiwa bado mbichi.

Faida ya njia hii ni kwamba hakuna kivuli juu ya kisahani. Hasara yake ni kwamba pete husoma maji yaliyokwisha kuchanganyika na mengine, na pH ya kisahani yenyewe yapatikana kwa hesabu. Tena mapovu yakishika kisahani mpango wa maji huharibika, na elektrodi ya kiwandani haizunguki. Njia hii yafundisha kanuni vizuri kuliko iwezavyo kutoa habari za mtambo fulani.

Fungu la tatu ni la nuru. Mwaka 1928 C. V. Raman aligundua nchini India kwamba nuru iligusapo kitu, sehemu yake ndogo hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, na badiliko hilo ni kama alama ya kidole ya kitu kile. Mwaka 1974 Fleischmann, Hendra na McQuillan wa Southampton waliona nuru hiyo ikirudi kwa nguvu kutoka elektrodi ya fedha iliyokwaruzwa. Baadaye ilifahamika kuwa uso mkwaruzo wa fedha, dhahabu au shaba huikuza nuru ya vitu vilivyo karibu sana nao. Hivyo nuru yaweza kusikiliza uso wenyewe na kuyaacha maji ya mbali yanong'one.

Katika kazi za hewa ya ukaa nuru hii hutumika kwa werevu. Baikaboneti na kaboneti ni ndugu wawili ambao msomaji awajua, maana magadi ya Ziwa Magadi yana wote wawili kwa hesabu sawa. Kila mmoja ana mstari wake katika nuru ya Raman. Katika maji yenye pH ya 10.3 wawili hao wako sawa, katika 9.3 kaboneti ni moja kwa baikaboneti kumi. Kwa hiyo anayehesabu mistari yao aweza kukadiria pH bila kuingiza kitu chochote kati ya maji na madini. Lakini mipaka ipo. Nje ya eneo la takriban 9 hadi 11.5 ndugu mmoja huwa mchache mno asiweze kuhesabiwa. Nuru huja kwa wingi kutoka vijisehemu vichache vyenye makwaruzo yanayofaa, na hivyo si wastani wa uso wote. Tena kama ioni zajipanga usoni kwa mvuto wa umeme, uwiano wao wa pale hautii sheria ya maji ya kawaida.

Katika fungu hili imo pia njia ya rangi zing'aazo. Hutiwa majini rangi ambayo mng'ao wake hubadilika kwa pH, na hadubini ya leza huchora ramani ya tabaka zima, mapovu na yote. Ramani hizo zimeonyesha wazi jambo lililokuwa likidhaniwa tu, kwamba uso mmoja una hali nyingi: kando ya povu si kama kati ya mapovu mawili. Ila rangi yenyewe ni mgeni katika maji. Yaweza kushika madini, au kupokea elektroni na kuacha kung'aa, na mchunguzi akadhani pH imebadilika.

Msomaji ataona kuwa hakuna njia isiyo na lawama. Lakini lawama zao hazifanani. Sindano huziba njia, pete huchanganya, nuru huchagua. Kwa hiyo njia mbili zenye kasoro tofauti zikisema neno moja, neno hilo laaminika kuliko njia moja ikilisema mara kumi.

Lugha ya taarifa

Yabaki tuseme jinsi ya kuyaandika hayo kwa Kiswahili. Katika lugha nyingine mwandishi hulazimika kuongeza kivumishi ili kutenga pH ya chombo na pH ya uso, na akisahau kukiongeza, msomaji hajui. Kiswahili chaweza kuifanya kazi hiyo kwa silabi moja. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa kwa mahali mahsusi panapojulikana, mu kwa ndani, na ku kwa upande au mahali pasipo mpaka dhahiri. Taarifa ya kathodi tuliyoihesabu yaweza kuandikwa hivi: "Chomboni mna pH ya 7, penye uso pana pH ya 12.3." Hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza. Lakini taarifa isemayo "kuna pH ya 7" haijasema wapi, na mhariri angefanya vema kuirudisha kwa mwandishi na kumwuliza.

Nasema haya kwa sababu katika mazungumzo ya watu wengi siku hizi, hasa bara, kuna imekwisha kuwameza pana na mna. Katika soko hasara yake ni ndogo. Katika taarifa ya maabara ni ule mkanganyo niliokwisha kuueleza, wa kuipa madini sifa ya maji. Anayefundisha kemia kwa Kiswahili ana sababu nzuri ya kuomba msaada wa anayefundisha sarufi.

Yako maneno mengine ya kuangaliwa. "Maji ya usoni" ni maneno yanayojileta yenyewe, lakini yana hatari, kwa kuwa usoni hutumika pia kwa wakati ujao, na mwanafunzi aweza kufahamu kuwa ni maji yatakayokuja. "Maji ya penye uso" ni salama zaidi, ijapokuwa yana urefu. Kwa lile eneo la Nernst, neno tabaka lafaa kuliko utando. Utando ni kitu chenye mwisho, kinachoweza kutobolewa au kubanduliwa. Eneo la Nernst halina ukingo, ni unene wa hesabu tu, na maji yake ni yale yale ya chombo yaliyochelewa kuondoka.

Mwisho, kuna kitenzi chenyewe, kupima. Sindano iliyo sehemu tatu za mia za milimita kutoka usoni imepima pH ya hapo ilipo. pH ya uso imekadiriwa. Pete imepima maji yaliyoifikia. pH ya kisahani imekadiriwa. Nuru imehesabu kaboneti na baikaboneti, pH imekadiriwa. Kukadiria si aibu, na elimu kubwa imejengwa juu yake. Aibu ni kuyaandika makadirio kwa kitenzi cha kupima. Taarifa njema, basi, itataja mambo matano: chomboni mlikuwa na pH gani, ni chombo gani kilichosoma, na kwa umbali gani kutoka usoni, ni umeme kiasi gani uliokuwa ukipita kwa kila sentimita mraba, maji yalikorogwa vipi na yalikuwa na kituliza gani, na ni hesabu gani iliyotumika kutoka kilichopimwa hadi kilichokadiriwa. Mtu mwingine akiwa nayo hayo matano aweza kuirudia kazi na kuikosoa. Akikosa hata moja, hana budi kuamini tu.

Faraday aliomba jina la mpaka, akapewa jina zuri. Kazi ya wachunguzi wa leo ni kuurudia mpaka huo kwa vyombo ambavyo yeye hakuwa navyo. Lugha itakayoandika matokeo yao yapasa iweze kusema bila utata kama jambo li ndani ya chombo, au li pale pale penye uso.